Fimbo ya Mbali

Wahenga walisema fimbo ya mbali haiui nyoka. Kwa heshima na taadhima naomba kutofautiana nao kidogo, kwa maana wao hawakuwahi kushika lenzi ya milimita 300. Mimi nimeishika. Nayo karibu inishinde, ila si kwa sababu ya umbali.

Baba yangu alikuwa mpiga picha mjini Nakuru, tangu zamani kabla Nakuru haijatangazwa kuwa jiji mwaka wa 2021. Alikuwa na kibanda chenye ukuta uliochorwa maporomoko ya maji, na kila mtoto wa mtaa wetu ana picha amesimama mbele ya maporomoko hayo akiwa amenuna. Mwaka wa 2019 alifunga kazi. "Simu zimetumaliza," alituambia, nasi tukamwamini. Nani angebisha? Kilichobaki ni kamera moja ya Canon na lenzi zake mbili, zimefungwa kwa shuka ndani ya sanduku la chuma chini ya kitanda.

Basi muhula wa pili wa mwaka wa 2024, nikiwa kidato cha tatu, chama chetu kilipanga safari ya kwenda Mbuga ya Taifa ya Ziwa Nakuru pamoja na wenzetu wa chama cha wanyamapori. Mwalimu mlezi akauliza nani angeweza kupiga picha ya jalada la jarida. Mkono wangu uliinuka wenyewe kabla akili haijafika.

"Mimi, Mwalimu! Babangu ako na kamera."

"Babako yuko na kamera, au ana kamera," alinisahihisha, na darasa zima likaangua kicheko. Lakini kazi nilipewa.

Likizo fupi ilipofika, baba alinifundisha kibarazani kwa siku mbili. Yeye huniita mama, kwa kuwa nilipewa jina la mamake. "Mama, sikiza. Hii inavuta kutoka 75 mpaka 300. Usianze na 300, utamtafuta ndege mpaka jioni. Mwone kwanza kwa 75, halafu umvute polepole." Akanieleza kwamba kihisi cha kamera yake ni kidogo kuliko kipande cha filamu ya zamani ya milimita 35, kwa hiyo ile 300 huona kama 480. Hapo ndipo penye raha na pia penye balaa, kwa sababu lenzi hukuza kila kitu. Humkuza ndege, hukuza na mtikisiko wako. Hata pumzi yako huikuza. Ndiyo maana kasi ya shata isipungue ule urefu wa lenzi: ukiwa umevuta hadi mwisho, anza na 1/500 ya sekunde kwenda juu. Lenzi yake haina kile kifaa cha ndani cha kutuliza mtikisiko ambacho nyingi za siku hizi zinacho.

Jambo moja lilinishangaza. Siku zote hizo mbili hakuishika kamera. Aliniambia geuza hiki, bonyeza kile, huku mikono yake ikiwa imekunjwa kifuani. Nilidhani ni mbinu ya ualimu.

Siku ya kurudi shuleni alinipa mfuko mdogo ulioshonwa kwa mguu wa suruali kuukuu ya jinzi, mzito, umejaa maharagwe mabichi. "Hii ni ya kulalia lenzi. Weka kwa dirisha la gari, ulaze lenzi juu." Jamani! Sisi wa bweni tunakula maharagwe siku nne kwa wiki, sasa niyabebe na safarini? Niliutia chini kabisa ya begi ili mtu asiuone.

Tuliingia mbugani saa kumi na mbili na nusu asubuhi, mawingu yakiwa yametanda. Ikiwa hujafika huko siku za karibuni, ondoa akilini ile picha ya kalenda ya ufuo wote ukiwa wa rangi ya waridi. Maji ya ziwa yalianza kupanda mwongo uliopita, yakameza barabara na lango kuu la zamani, na migunga mingi ikafa ikiwa imesimama majini. Maji mengi yalipunguza makali ya magadi, na ule mwani ambao heroe hula ukapungua. (Heroe ndio wale ndege wengi wetu huwaita flamingo.) Wengi huhamia Bogoria na kwingineko, kisha baadhi hurudi wanapotaka. Siku ile walikuwepo mia kadhaa, mbali, ng'ambo ya tope ambalo basi la shule haliwezi kulikaribia. Na kushuka garini hovyo mbugani ni marufuku, nyati hana mzaha.

Nikaitoa lenzi. Wenzangu waliita "mzinga." Nilijisikia mkubwa kweli! Nilisimama katikati ya basi, nikavuta hadi 300, nikapiga. Nikapiga tena. Kamera niliiacha ijichagulie kasi. Nilipiga kama mtu anayepura mahindi, hadi kadi ikajaa.

Nilipozitazama picha kwenye kioo cha kamera, moyo ulinidondoka. Heroe walikuwa kama juisi ya tunda damu iliyomwagika. Hakuna shingo, hakuna mdomo, hakuna jicho. Kamera ilikuwa imechagua 1/100 kwa sababu ya mawingu, nami nilitikisika, na injini ya basi nayo ilinguruma chini yangu. Mwalimu aliuliza, "Jalada letu liko salama?" Nikasema ndiyo. Uongo mtupu.

Nilianza kufuta ili nipate nafasi. Nilifuta zangu zote nikajikuta katika picha za baba, za mwaka wa 2018, ambazo hakuziondoa kwenye kadi. Harusi. Bibi harusi amesimama nje, jua la saa sita likimulika gauni, na picha imetikisika. Ya pili, vilevile. Nilizihesabu: kumi na saba, pozi ile ile, na tabasamu la bibi harusi likizidi kuchoka. Mchana kama ule huwezi kusingizia giza. Na huyu hakuwa mwanafunzi wa kidato cha tatu, huyu alikuwa mtu wa miaka ishirini kazini.

Picha ya mwisho kabisa ilikuwa ya kunguru juu ya paa la jirani yetu. Ilikuwa kali kama wembe, unaweza kuhesabu manyoya ya shingoni. Chini ya picha, pembeni, kulikuwa na ukungu wa rangi ya buluu. Nilikodoa macho. Ilikuwa jinzi.

Kumbe mfuko ule haukushonwa kwa ajili yangu. Na kumbe si simu zilizofunga kibanda, au si simu peke yake. Kunguru hukaa akakungoja uulaze mfuko mahali. Bibi harusi je?

Sikulia, ingawa rafiki yangu aliyeketi kando anasema nililia. Niliufukua ule mfuko, nikauweka dirishani mbele ya basi zima. "Ati umebeba lunch?" mmoja akapiga kelele. Sikumjibu. Nilimwendea dereva, "Tafadhali zima gari kidogo." Akazima. Nikapandisha ISO hadi 800, mawingu nayo yalikuwa yanafunguka, nikapata 1/1000. Nilianza na 75, nikamwona heroe mmoja, nikamvuta polepole, nikalenga jicho, nikaminya kitufe katikati ya pumzi mbili.

Nilipiga kumi na nne tu. Kufikia saa nne na nusu joto lilianza kupanda juu ya tope, hewa ikacheza, na hapo hata mfuko wa gunia zima haukusaidii. Lakini picha unayoiona kwenye jalada ni ya tano kati ya hizo. Ile migunga mikavu inayoonekana imewasimamia ndege mgongoni ilikuwa mbali nao sana. Lenzi ndefu hubana umbali hivyo.

Likizo ya Agosti nilimpelekea baba nakala. Aliiweka mezani akaitazama bila kuishika.

"Kasi gani?"

"1/1000."

"Ulilalia?"

"Nililalia mfuko wako, baba."

Aliinua macho akanitazama kidogo. Nadhani alisikia lile neno "wako." Kisha akasema, "Hayo maharagwe yamekaa sana. Yatakuwa na wadudu sasa. Waambie jikoni wakupe mengine."

Mama alileta kilo mbili. Baba aliushika mdomo wa mfuko kwa mikono yake miwili, nami nikamimina. Mengi yaliingia. Mengine yalitawanyika sakafuni, tukayaokota baadaye.