Gapi wa Kwenye Ndoo

Ugonjwa uliomuua oska wangu mkubwa niliuleta nyumbani mwenyewe, ndani ya ndoo. Hakuna mwingine wa kulaumiwa. Naandika kwa ajili yako wewe unayefuga samaki wakubwa wa mapambo na umeanza kufikiria kuwazalishia samaki wadogo wa kuwalisha. Wazo hilo si baya. Mimi ndiye niliyeliharibu.

Oska ni samaki ambaye asili yake ni maji ya Amazon, Amerika Kusini. Huuzwa akiwa na urefu wa kidole, kisha akitunzwa vizuri hufikia sentimita 30. Humtambua anayemlisha na kumfuata nyuma ya kioo kila anapopita, na anapowinda samaki hai unamwona amechangamka mwili mzima. Niliwapenda sana oska wangu wawili, nikataka wale vizuri. Wengi huwapa vitoto vya samaki wa dhahabu, lakini hao wana kimeng'enya kinachoharibu vitamini B1, kwa hiyo hawafai kuwa chakula cha kila siku. Nikachagua gapi, samaki wadogo. Gapi huzaa watoto hai, na jike mmoja anaweza kutoa vifaranga 20 hadi 50 kila baada ya wiki nne hivi. Nilikata pipa la plastiki, nikaliweka uani kwangu Dar es Salaam, nikatia majani ya majini ili vifaranga wapate pa kujificha, maana mama zao huwala. Kwa muda mrefu mambo yalikwenda vizuri. Hakuna samaki mgeni aliyeingia mle, na hiyo ndiyo faida kubwa kabisa ya kuzalisha mwenyewe.

Kisha nikaanza kuchota wanono. Gapi jike mwenye mimba ana doa jeusi tumboni, karibu na mkia, na akikaribia kuzaa tumbo lake huwa kama lina pembe. Niliyaona madoa hayo. Nikawachota hivyo hivyo kwa chujio la chai, kwa sababu oska waliwarukia hao kwanza. Pipa likabaki na madume na vifaranga ambao wangehitaji miezi miwili mitatu kabla ya kuanza kuzaa.

Nikaenda kununua wengine. Walikuwa wachangamfu, ngozi safi, mikia mizuri. Sikumuuliza muuzaji walikotoka. Kanuni ya kutenga samaki wageni niliijua vizuri, na oska wenyewe niliwatenga walipofika. Hawa sikuwatenga. Niliwamimina pipani pamoja na maji yao, nikijiambia kwamba ni wa kuliwa tu, ya nini kuwahangaikia? Sikuwaona kama samaki wanaoweza kuugua. Niliwaona chakula.

Oska mkubwa alianza kujikwaruza kwenye jiwe. Nikadhani maji yamechafuka, nikabadilisha sehemu ya maji. Usiku mmoja nikammulika kwa tochi ya simu na kuona mapezi yamejaa vidoa vyeupe, kama chenga za chumvi. Madoa meupe, ugonjwa ambao kila mfugaji wa samaki ameusikia. Nilisimama pale nikijiuliza umetoka wapi, maana tangini hakukuwa na kipya, si jiwe, si jani, si samaki. Nikageuka kuchukua chujio nimpe yule mdogo chakula. Lilikuwa linaning'inia mahali pake, bado limelowa maji ya pipani. Nilitoka uani na tochi ile ile. Vidoa vilikuwa kwenye mikia ya gapi, hata ya vifaranga wangu mwenyewe.

Kimelea cha madoa meupe huweza kukaa kwenye matamvua bila wewe kuona chochote. Kikikomaa humwacha samaki, hujishikiza chini na kugawanyika kuwa mamia ya wachanga wanaoogelea kutafuta samaki mwingine. Dawa huwapata hao wanaoogelea tu, haikifikii kilicho chini ya ngozi. Nilipandisha joto hadi nyuzi 30, nikatia chumvi, nikaongeza hewa. Oska mdogo alipona. Mkubwa alikuwa ameshaathirika matamvua, akafa. Gapi wote waliisha, na pipa nikalikausha juani.

Kuna jingine. Siku chache kabla ya kuyaona madoa, nilikuwa nimemgawia mzee mmoja wa mtaani kwetu gapi wa pipani. Nikampigia.

"Shikamoo mzee. Wale gapi niliokupa, tafadhali usiwatie tangini."

"Marahaba. Nimeshawatia, mwanangu. Kwani vipi?"

Nikamweleza yote, hata kwamba sikuwatenga. Alipoteza karibu samaki wake wote. Nilimlipa, naye akapokea.

Sasa kila samaki mgeni, hata wa kuliwa, hukaa wiki nne kwenye chombo chake, na chujio lake halivuki kwenda kwingine. Maji ya muuzaji namwaga nje. Gapi nao nawalisha vizuri, kwa kuwa gapi mwenye njaa hampi oska lishe ya maana. Jike mwenye doa jeusi hachotwi. Siku nyingi oska hula vidonge na vipande vya kamba, na gapi nampa mara mojamoja, tena wale waliozaliwa pipani kwangu.