Mwana-kondoo wa Jikoni

Wengi wetu tulio walimu hufuga mifugo michache nyuma ya nyumba zetu. Nami nataka kuwaeleza habari ya wana-kondoo wawili, maana mmoja nilimwua mwenyewe kwa huruma yangu, na wa pili akanifundisha kazi niliyodhani naijua.

Kwetu ni milimani Usambara, ambako mwezi wa Julai baridi ni kali. Usiku mmoja wa mwezi huo, mwaka 2018, kondoo wetu wa pekee alizaa pacha, dume na jike, kisha akafa. Alfajiri niliwakuta watoto wake kando ya mzoga, wakitetemeka. Nikamtwaa yule dume, aliyekuwa dhaifu zaidi, nikamwinua kichwa juu, nikammiminia maziwa ya ng'ombe kwa kijiko upesi upesi, nikisema moyoni kwamba akishiba atapona. Akakohoa, maziwa yakamtoka puani, na kengele ya shule haijalia bado akawa amekufa.

Watoto wangu wakalia, na kilio chao kikamleta bibi mmoja jirani yetu, mfugaji wa tangu zamani. Alimtazama yule aliyekufa, asinikemee. Akasema tu, "Mwalimu, umemzamisha." Kisha akamtia kidole kinywani yule jike, akanionyesha kuwa kinywa ni baridi. Mwana-kondoo mwenye kinywa baridi hapewi maziwa, kwa kuwa tumbo lake haliwezi kuyapokea. Kwanza apashwe moto. Basi tukamfunga kwa gunia kavu, tukamweka karibu na meko mpaka kinywa kikapata joto.

Bibi alikuwa na mbuzi aliyezaa jana yake, akatuletea dang'a. Mwana-kondoo huzaliwa hana kinga ya maradhi katika damu yake. Huipata katika dang'a, na tumbo lake huweza kuipokea siku ile ya kwanza tu, na heri zaidi katika saa sita za kwanza. Tulimnyonyesha kwa chupa yenye chuchu ya mpira, naye amesimama kwa miguu yake, kichwa kimeinuka kidogo tu, kama anyonyavyo kwa mamaye. Uzito wake ulikuwa kama kilo 2 na nusu. Siku ile tulimpa robo lita, kwa mafungu madogo. Baadaye tuliongeza hata nusu lita kwa siku, mara sita, usiku na mchana. Mimi na mke wangu tuliamka kwa zamu, na chupa ikachemshwa kila mara. Mara nyingi alilia kutaka zaidi, na watoto wakaniita mchoyo. Walakini bibi alikuwa amenionya kwamba mwana-kondoo aliyejazwa kwa mara moja huharisha, na kuharisha huweza kumwua upesi.

Katika juma la tatu alianza kuonja majani. Tukamchunga pamoja na kondoo wa jirani, apate kujua kuwa yeye ni kondoo, na baada ya miezi miwili na nusu tukamwachisha. Mwaka 2020 alizaa, akamnyonyesha mtoto wake bila kufundishwa na mtu. Leo zizini wamo kondoo saba wenye mikia minene, na sita ni uzao wake.

Wenzangu walimu, miaka mingi nilifundisha kwa kijiko kile. Nikimwona mtoto aliyebaki nyuma, nilimmiminia masomo ya mwaka mzima kwa juma moja, nikidhani ni huruma, naye akashindwa kabisa, nami nikamwita mvivu. Sasa kwanza natafuta kama kinywa chake kina joto: je, amekula? Amelala? Ananiogopa? Kisha humpa kidogo, mara nyingi, hata kama mimi mwenyewe nina haraka.

Bibi yule amekwisha fariki, Mungu amrehemu. Hakujua kusoma, wala sikumwambia kamwe kwamba alinifundisha ualimu.