Dagaa, Magome na Kokwa za Maembe

Dagaa wa Kigoma wakishushwa kwenye treni hapa Tabora huwa bado wana rangi ya fedha. Wakikaa mezani wiki kadhaa hugeuka manjano, kisha kahawia, na harufu yao humfikia mnunuzi kabla hajagusa fungu. Watu husema wameoza. Kwa hakika hawajaoza. Kuoza ni kazi ya vijidudu, na kijidudu hakiwezi kitu pasipo maji. Dagaa aliyekaushwa vizuri hana maji ya kumpa. Anayemharibu ni hewa. Samaki huyu mdogo ana mafuta ambayo oksijeni huyashambulia upesi, na chembe moja ikishaharibika huiharibu ya jirani, hiyo nayo ya jirani yake, mithili ya moto wa porini mwezi wa Septemba. Hata chumvi, ambayo tumeiamini tangu misafara ilipokuwa ikiichukua Uvinza, huwazuia vijidudu lakini huyaharakisha mafuta hayo kuchacha.

Shangazi yangu ameuza dagaa sokoni kwa miaka mingi, na habari hii anaijua kwa mfuko wake. Dagaa weupe ni chakula cha watu. Dagaa wa manjano hununuliwa na wafuga kuku, kwa bei wanayoitaka wao. Tofauti ya bei hizo mbili ndiyo daftari na sare za wajukuu wanaomtegemea.

Ndiyo maana niliposoma habari za nyuzi nyembamba mno za kufungia vyakula, sikuzisoma kama maajabu ya mbali. Wataalamu huchukua kitu kiwezacho kuvutwa kuwa uzi, kwa mfano zeini, ambayo ni protini ya mahindi yetu haya haya ya ugali, wakaiyeyusha katika spiriti. Humo hutia maji yaliyokamuliwa kutoka mimea yenye antioksidanti, yaani vitu vinavyojitoa kuliwa na oksijeni badala ya mafuta: majani ya chai, karafuu, maganda ya matunda. Mchanganyiko husukumwa polepole kwenye sindano, na kati ya ncha ya sindano na bamba la chuma huwekwa umeme wa maelfu ya volti. Umeme hulivuta tone hadi likawa uzi, spiriti hukauka hewani, na juu ya bamba hubaki kitu kama utando wa buibui. Unywele wa mtu una unene wa nanometa 80,000 hivi. Uzi huo huwa na mia chache tu. Kwa wembamba huo, eneo lake la kugusana na hewa na chakula ni kubwa mno, hivyo dawa kidogo hutenda kazi nyingi. Tena haikupikwa, kwa hiyo nguvu ya mmea haikuungua.

Mtu wa Unyamwezi akisikia hayo hufikiri mara moja kuhusu kilindo, lile bweta la gome la mti walilowekea wazee nafaka na unga. Mimi pia nilifikiri hivyo, nikataka kudai kwamba sisi tulitangulia. Lakini tuwe wakweli. Asali iliyosafiri ndani ya magome haikuhitaji msaada wa gome. Asali iliyoiva ina maji chini ya asilimia 20 hivi, ina sukari nyingi na uchachu wake, hujilinda yenyewe. Hata mzigo wa magome uliopata sifa kuliko yote katika njia ile ya misafara ulikuwa hivyo hivyo. Livingstone alipofariki kwa Chitambo, katika Zambia ya leo, mwezi wa Mei 1873, Susi, Chuma na wenzao waliukausha mwili wake kwa chumvi na jua, wakaufunga kwa nguo, wakautia ndani ya gome, wakashonea turubai juu yake. Mwezi wa Oktoba walifika nao hapa Unyanyembe, na Februari 1874 wakaufikisha Bagamoyo. Chumvi na jua ndivyo vilivyohifadhi. Gome lilisitiri.

Chombo kinachofanya kazi chenyewe nakiona zaidi kwa majirani zetu Wakalenjin wa Kenya, ambao husugua ndani ya kibuyu kwa mkaa wa mti maalumu kabla ya kumimina maziwa ya mursik. Hapo kibuyu si ganda tu. Ni sehemu ya utengenezaji wa chakula.

Na kilindo kina deni lingine. Gome likivuliwa kuuzunguka mti wote, mti hufa. Nimeona miyombo mingi imesimama mikavu porini, kila mmoja umetoa mzinga mmoja wa nyuki. Kwa hiyo mtu akiniambia turudi kwenye magome, namwuliza ana misitu mingapi.

Heri maembe. Tabora na Ujiji ni miji ya miembe, na husimuliwa kwamba mingi ilitokana na kokwa zilizotupwa na wapita njia wa misafara, wapagazi na watumwa. Kiini cha kokwa, maganda na hata majani vina antioksidanti kwa wingi, na watafiti wa nchi mbalimbali wamekwisha kuvijaribu katika vifungashio. Mti hauguswi; kinachotakiwa ni takataka ya soko.

Nilimweleza Shangazi haya yote jioni moja. Alinisikiliza hadi mwisho.

"Baba, hao dagaa waliokwisha kuwa manjano, hiyo karatasi itawarudisha?"

"Hapana, Shangazi. Inachelewesha tu. Na dawa yake nayo huisha."

"Watanuka maembe?"

Nilimwambia maembe sidhani, ila karafuu ndiyo ingenuka. Akacheka, kisha akauliza lile ambalo makala niliyosoma hayakuligusa: itauzwa bei gani? Tangu mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku Juni 2019, yeye hufungia gazeti, ambalo hunyonya mafuta na kupitisha hewa, au mfuko wa khaki ambao tayari unakula faida yake. Sindano moja ya mitambo ile kwa kawaida haitoi hata gramu moja kwa saa. Iko mitambo mikubwa zaidi, yenye kutengeneza vichujio vya hewa, lakini hakuna aliyeijenga akimfikiria mwuza dagaa. Naona hapa ndipo penye kazi, kuliko katika kutafuta mmea mwingine wa kukamua.

Kwa sasa tumekubaliana jambo dogo. Joto na mwanga huharakisha kuchacha, kwa hiyo dagaa wake hawakai tena juani siku nzima. Huweka mezani mafungu mawili au matatu, na waliobaki huwashindilia katika ndoo yenye mfuniko wa kubana, chini ya meza. Wateja wengine hunung'unika kwamba meza yake ni tupu. Msimu wa maembe ukianza mwezi wa Novemba, kokwa hujaa kwenye mitaro ya soko, mvua ya kwanza ikinyesha maji yanakosa njia, naye huinua ile ndoo na kuiweka juu ya tofali.