Ukurasa Uliowakutanisha Wasimamizi Wangu

Niliomba ruhusa katika shule niliyofundisha nikaenda kusomea shahada ya uzamili, tasnifu yangu ikihusu nyimbo za Siti binti Saad, mwimbaji wa taarabu wa Zanzibar. Nilipangiwa wasimamizi wawili: Profesa wa fasihi na Daktari wa historia. Wote wajuzi, wote wenye shughuli nyingi.

Taabu ilianzia sura ya pili. Humo nilieleza safari ya Siti ya kwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri. Daktari akasema hapo ndipo penye uzito wa kazi yote. Profesa akaandika pembeni kwa wino mwekundu: "Ondoa. Nataka uchambuzi wa mashairi." Kila nilipomridhisha mmoja, mwingine alinirudishia sura. Mihula ikapita, ada ikadaiwa upya, wenzangu wakatetea na kuvaa joho. Nilifikia kutaka kurudi nyumbani bila shahada.

Aliyenivusha ni dada mmoja wa uzamivu. "Mdogo wangu," aliniambia, "usiwe tarishi kati yao. Waandikie pamoja."

Nikaandika ukurasa mmoja: maoni ya Daktari, maoni ya Profesa, kisha pendekezo langu. Upande mmoja wa santuri za wakati ule ulibeba dakika tatu hivi. Basi nichunguze ufinyu huo uliugusaje utunzi wa nyimbo. Nikaomba tukae wote watatu. Profesa aliusoma ukurasa ule, akamgeukia mwenzake: "Hapa sasa pana swali la utafiti." Sura ikabaki.

Jioni ileile niliwatumia muhtasari wa tuliyokubaliana, pamoja na tarehe ya kuwasilisha sura inayofuata. Tangu hapo, kila sura niliitanguliza kwa maelezo mafupi: nimebadili nini, maoni gani sikuyafuata na kwa sababu gani, na wapi nimekwama. Majibu yaliyokuwa yakichelewa yakaanza kuja, maana maswali machache hujibika kati ya kipindi na kipindi, ilhali sura nzima husubiri likizo.

Nilitetea, nikafaulu. Namshukuru Mungu, nawashukuru na walimu wangu wale, ambao hawakuwahi kunitakia mabaya. Kwako uliyekwama leo: msimamizi wako ana wanafunzi wengi, nawe una tasnifu moja. Kumbukumbu ya mliyokubaliana ishike wewe, iandike, umpelekee. Hapo elimu yake itapata pa kukusaidia.