Kabla ya Marumaru

Wengi mmetuuliza kwa nini bafu la nyumba ya makatekista hapa Nyegezi lingali bila marumaru, ilhali michango mmekwisha kuitoa. Tumemsimamisha fundi. Uso wa marumaru haupitishi maji, lakini saruji ya viungoni hunyonya. Maji hupenya polepole, hukaa ndani ya plasta, na chumba cha jirani huota ukungu. Nyuma ya ukuta ule hulala katekista mwenye pumu.

Tumeagiza plasta ikauke kwanza, ndipo ipakwe dawa ya kuzuia maji mara mbili, na kwenye pembe paongezwe kitambaa cha nyuzi. Si kazi ngeni kwa kuhani: Walawi 14 inamwagiza kukagua ukuta wenye madoa na kuifunga nyumba siku saba, doa likienea, mawe yang'olewe na plasta ikwanguliwe. (Sisi twapendelea kupaka mapema.)

Gharama imeongezeka, nanyi mtaitangaziwa Jumapili. Dawa ikikauka tutaziba tundu la sakafuni, tumwage maji, tuyaache hadi kesho yake. Kamati ya ujenzi ije iupapase ukuta upande wa kitandani.