Alitaka kumvisha pete Santorini, mdada akamwambia "barua kwanza"

Ile picha kila mtu anaijua. Nyumba nyeupe zimepangana ukingoni mwa jabali, makanisa yana kuba za bluu, bahari iko chini kabisa, na kapo moja imekumbatiana utadhani dunia nzima wameachiwa wao. Hapo ni Oia, wenyewe wanatamka "Ia", kijiji cha kaskazini mwa kisiwa cha Santorini, Ugiriki. Usichokiona kwenye picha ni foleni nyuma ya simu, kila mmoja anasubiri zamu yake apige hiyo hiyo.

Mwezi wa tisa kulikuwa na kapo ya Wabongo kwenye foleni hiyo. Majina yanabaki kapuni. Wanaishi Uingereza, mdada ni muuguzi, jamaa anapanga mizigo ghalani zamu za usiku. Walidunduliza karibu miaka miwili. Na kwa pasipoti ya Tanzania, kuishi Uingereza hakukuingizi Ugiriki. Lazima uombe viza ya Schengen, euro 90 kila mtu, na ukinyimwa hela hairudi.

Walitua Athens, wakapanda meli Piraeus, wakakaa baharini karibu siku nzima. Vyumba vya juu ya jabali bei yake si mchezo, hivyo wakalala Perissa, upande wa pili wa kisiwa, kwenye ufukwe wa mchanga mweusi unaochoma miguu mchana kama huna ndala.

Bata lililiwa. Bajia za nyanya, samaki wa kuchoma, mvinyo wa mizabibu inayosukwa kama vikapu chini ardhini ili upepo usiivunje. Wakaenda pia Akrotiri, mji uliofukiwa na majivu volkano ilipolipuka yapata miaka 3,600 iliyopita. Wataalamu walianza kuufukua 1967. Wakakuta nyumba, mitungi na michoro ukutani, ila maiti za watu hawakukuta. Inaaminika matetemeko yaliwashtua wakaondoka mapema.

"Hawa walishtuka mapema," mdada akasema. "Sisi tungesubiri mpaka paa lituangukie."

Jamaa akacheka. Hakuuliza ana maana gani.

Siku ya tatu wakaenda Oia. Watu hufika saa kadhaa kabla, wanajazana kwenye magofu ya ngome ya zamani kusubiri jua lizame. Jamaa alikuwa na pete ndani ya soksi, na rafiki zake wanasubiri aende laivu. Ilipokaribia saa moja na nusu jioni akampa mgeni mmoja simu amrekodi. Mdada akaona, akamshika mkono.

"Usipige goti hapa."

"Yaani hunitaki?"

"Nakutaka. Ila baba yangu asikuone kwenye status ya jirani kabla hajaona barua yako."

Dada yake mkubwa alivishwa pete hivyo hivyo, video ikasambaa, mzee akaipata kwa muuza duka. Harusini alikuja kama mgeni mwalikwa, akala, akaondoka. Mpaka leo mkwe anapewa salamu tu.

Jamaa akakaa kimya, kisha akalitoa. "Barua nani ataipeleka? Mama hayupo, baba hayupo."

"Mjomba wako wa Tanga yupo."

"Mjomba hatuongei. Unajua ile ishu ya shamba."

Hapo ndipo ilipoeleweka. Pete ilikuwa rahisi, jamaa aliilipia kwa kadi. Kilichomshinda miaka mitatu ni simu moja. Mahaba ya mbele za watu yanataka ujasiri kweli, ila mtu anaweza kupiga goti mbele ya umati kwa sababu anaogopa kupiga hodi kwa ndugu mmoja.

Jua likazama. Umati ukapiga makofi, ndivyo wanavyofanya kule kila jioni. Yule mgeni akarudisha simu, haina alichorekodi.

Wakarudi na basi mpaka Fira, wakabadilisha, wakafika Perissa usiku. Majira ya joto saa ya Ugiriki ni sawa na ya Bongo, kwa hiyo hata kisingizio cha "watakuwa wamelala" hakikuwepo. Jamaa akakaa mchangani. Mdada akaenda kununua maji, makusudi.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Nani kafa?"

"Hajafa mtu, mjomba. Natafuta mshenga."

Kimya kirefu. Akadhani imekatika.

"Upepo gani huo, uko wapi wewe?"

"Ugiriki."

"Ugiriki ndiyo ukanikumbuka?" mzee akasema, na sauti yake ilikuwa inacheka. "Haya. Huyo binti ni wa kina nani?"

Mdada aliporudi na chupa mbili za maji, walikuwa wamefika kwenye ukoo wa bibi yake. Pete ilikuwa bado kwenye soksi.