Tulizima ukutani, tukadhani tumemaliza

Tunaloeleza leo limetutokea sisi wenyewe, kamati ya msikiti mmoja hapa Sinza, na anayeandika ndiye katibu aliyetia saini. Tungeweza kulifunika. Tumeona tusilifunike, kwani magari ya umeme yameanza kuingia mitaani kwetu, na mengine yatalazwa katika nyua zenye watoto.

Muumini mmoja aliyehamia Muscat alituachia gari lake, Nissan Leaf, aina iliyoanza kuuzwa Desemba 2010 na ambayo hutufikia ikiwa imekwishatumika Japani. Tulilipokea kama amana. Kazi yake kubwa ikawa kumpeleka mzee wetu mmoja hospitalini kusafishwa damu, kila Jumatatu na Alhamisi. Usiku lilichajiwa uani kwa waya uliotoka chumba cha madrasa, na sadaka ya Ijumaa ikanunua umeme wa LUKU.

Tundu la kuchajia la gari hilo lipo puani, chini ya mfuniko. Katika mdomo wa tundu kuna jino la plastiki, na ulimi wa plagi hunasa hapo. Jino hilo tulilivunja sisi. Mmoja wetu, akikimbilia kumwahi mgonjwa usiku, aliivuta plagi kwa nguvu bila kubonyeza kitufe chake. Tangu hapo plagi ikawa haishiki. Tukaifunga kwa mpira wa baiskeli, na tukaendelea hivyo wiki tatu, watoto wa madrasa wakipita pembeni na juzuu zao.

Tulidhani kazi ya jino lile ni kushikilia tu. Kumbe ukibonyeza kitufe cha plagi, gari hupata ishara na kuacha kuvuta umeme kabla vyuma havijaachana. Plagi inayochomoka yenyewe yaweza kuachana na tundu umeme ukingali unapita, na hapo cheche huruka. Hata isipochomoka, plagi iliyolegea hupata moto. Mpira wetu wa baiskeli haukuzuia lolote kati ya hayo.

Jumapili moja plagi ilidondoka mara mbili, na kesho yake ilikuwa siku ya mzee. Tukamwita kijana fundi wa bajaji, mwana wa mama auzaye vitumbua nje ya lango letu. Tulikubaliana shilingi 20,000, nasi tukaandika daftarini: matengenezo madogo. Tukazima swichi ya ukutani, tukachomoa waya. Kijana akafungua kava la mbele, akapenyeza mkono nyuma ya tundu, zilipo nyaya nene za rangi ya chungwa. Tulisimama juu yake tukimhimiza afanye haraka.

Mzee mmoja, mstaafu wa kazi za umeme, alikuwa amekuja mapema kutawadha kwa ajili ya adhuhuri. Akauliza, "Mmezima wapi?"

"Ukutani, mzee."

"Na gari lenyewe mmelizima wapi?"

Hakuna aliyejibu. Hakupaza sauti. "Mwanangu," akamwambia kijana, "toa mkono taratibu. Usiguse kingine."

Alitueleza tukiwa tumeketi chini ya mwembe, na tulihisi kama wanafunzi walioshindwa somo la kwanza. Umeme wa nyumbani ni volti 230. Betri kuu ya gari hilo, iliyolala chini ya sakafu, ni volti 360 hivi, na haina habari na swichi ya ukutani. Rangi ya chungwa ndiyo onyo la watengenezaji kwamba waya huo unaweza kuua. Ni kweli gari likizimwa swichi za ndani huitenga betri, lakini swichi huweza kuganda, na umeme uliohifadhiwa katika vifaa vingine hukawia kutoweka. Kisha akauliza ufunguo uko wapi. Gari hilo huwaka kwa ufunguo kuwa karibu tu na kitufe kubonyezwa. Ufunguo ulikuwa mfukoni mwetu sisi katibu, hatua mbili kutoka pale, na mlango ulikuwa wazi, watoto wakichungulia.

Jumatatu mzee wetu alikwenda kwa teksi tuliyoichangia. Jumanne akaja fundi aliyesomea magari ya aina hiyo. Ufunguo aliupeleka ofisini kwa imamu. Akatoa waya hasi wa betri ndogo ya volti 12, akavaa glavu nene za mpira zilizotengenezwa kwa kazi hiyo, akachomoa plagi ya usalama inayoitenga betri kuu, iliyo sakafuni mbele ya kiti cha nyuma. Akaitia mfukoni mwake, mtu asije akairudisha yeye akiwa ndani. Akangoja zaidi ya dakika 10, akapima kwa mita kuhakikisha hakuna umeme, ndipo akagusa. Kubadilisha jino lenyewe kulichukua muda mfupi kuliko kungoja. Adhuhuri aliswali nasi, plagi ikiwa mfukoni.

Chuoni tulisoma mlango wa dhamana: anayetibu watu naye hajulikani kwa utabibu, akiharibu analipa. Tuliusoma kwa ajili ya mtihani, tukiwawazia matabibu wa kale na vikombe vyao vya kuumika. Kijana wetu hakudai ujuzi asio nao. Sisi ndio tuliompa kazi, kwa kuwa yu karibu, ni wetu, na bei yake ni ndogo.

Jioni ile ya Jumapili tulikwenda kwa mama yake, kabla hajasikia kwa wengine. Alikuwa akisugua karai.

"Nani alimwambia afungue?"

"Sisi, mama."

Akaendelea kusugua. "Na mkimwita tena, ustadhi?"

Tukamwahidi kwamba hatutamwita kwenye gari lile mpaka asome. Katika daftari tumekata maneno "matengenezo madogo" na kuandika yaliyotokea, na wajumbe wote wametia saini. Ada yake ya masomo ya ufundi umeme VETA bado iko mezani. Wajumbe wawili wanasema fedha za msikiti hazikuchangwa kwa ajili hiyo. Kikao ni Jumamosi baada ya Isha, na mama ameomba aingie.